Jinsi ya Kupanda Kotmiri Nyumbani na Kuila Ikiwa Bado Laini

Ukiwa Dar es Salaam utaomba kotmiri, na wengine watasema giligilani. Vuka mpaka pale Horohoro, endelea mpaka Mombasa, na mama mboga atakuuliza unataka dania ya shilingi ngapi. Jani ni lile lile. Punje zake kavu ndizo zile za mviringo, nyepesi, zenye mistari, zinazosagwa kwenye bizari ya mchuzi. Humu nitasema kotmiri nikizungumzia jani, na giligilani nikizungumzia punje, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kusikia kwetu Tanga.

Naandika mwongozo huu kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona kotmiri yangu huota vizuri, halafu baada ya wiki chache hurefuka, hutoa maua meupe, ikaishia hapo? Mmea huo mara nyingi ni mzima kabisa. Kotmiri maisha yake ni mafupi, na kwenye joto la pwani huwa mafupi zaidi. Sukuma wiki utaichuma miezi na miezi. Mchicha utaukata, utachipua, utaukata tena. Kotmiri hukupa majani mazuri kwa wiki mbili au tatu hivi, kisha nguvu zake zote huzipeleka kwenye maua na mbegu. Hakuna mbolea wala dawa ya kuizuia. Dawa ni kusia kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili, ili chombo kimoja kinapoishia kuliwa kingine kiwe tayari kimefunga majani. Ukilikubali hilo, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Kwanza: chagua majira na mahali

Kwa sisi wa pwani, msimu wake ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, kusi inapovuma na usiku kukawa na ubaridi. Hapo hata anayeanza hupata mavuno mazuri. Wakati mgumu ni kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto linapofika nyuzi 30 na kupita. Usiache kupanda wakati huo, ila ujue kwamba kila mkupuo utakuwa mfupi, na chombo kitahitaji kivuli zaidi.

Vitabu vingi vya bustani vinasema kotmiri hukimbilia maua kwa sababu ya siku ndefu za kiangazi. Hiyo ni kweli huko Ulaya, ambako mchana wa Juni ni mrefu sana. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutajika, kwa hiyo tafuta sababu kwingine: joto, kiu, na mizizi iliyobanwa. Haya matatu unaweza kuyapunguza kwa mikono yako.

Weka chombo mahali panapopata jua la asubuhi mpaka kama saa nne au saa tano, kisha kivuli. Ukuta wa nyumba unaotazama mashariki unafaa sana. Kama huna mahali hapo, tandaza neti ya kivuli au makuti machache juu ya fito. Kivuli kizito cha chini ya mwembe hakifai, miche hurefuka kama uzi na kulala. Walioko Lushoto, Arusha, Njombe au Limuru hawana haja ya haya yote: wao waiweke juani, na itawakalia muda mrefu kuliko ya kwetu.

Masika, sogeza vyombo karibu na ukuta, lakini si pale maji ya bati yanapodondokea. Tone la kutoka kwenye bati huchimba shimo na kung'oa miche michanga.

Pili: chombo na udongo

Beseni kuukuu, ndoo iliyopasuka, kiroba, kreti lililotandikwa gunia, vyote vinafaa, mradi kina chake kisipungue sentimita 20 na chini pawe na matundu. Kotmiri ni ukoo mmoja na karoti. Nayo ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na mzizi huo ukigonga sakafu mapema, mmea huanza kuharakisha maua. Ndiyo maana vile vikopo vidogo vya maziwa vinavyopendeza dirishani havitoi kitu cha maana.

Mimi huchanganya debe mbili za udongo wa kawaida, debe moja ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, na debe moja ya mchanga wa mto. Samadi iliyoiva hainuki na haina joto ukiishika. Mbolea ya kuku iwe imekaa miezi kadhaa, la sivyo itaunguza miche. Mchanga wa baharini uuache, una chumvi.

Mbolea za dukani za kukuzia sizitumii kwa kotmiri. Kila nilipojaribu nilipata majani mapana, ya kijani kilichokolea, yenye harufu hafifu. Na harufu ndiyo tunayoifuata.

Tatu: mbegu, na hapa usiharakishe

Watu wengi hukosea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbegu unaweza kununua za pakiti kwenye duka la pembejeo, au ukachukua giligilani nzima kwenye duka la viungo. Za viungo ni za bei nafuu na mara nyingi huota, ila nyingine zimekaa sana ghalani, au zimeshapitishwa kwenye moto. Zijaribu kwanza. Hesabu punje 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiweke ndani ya kikombe, kilowanishe kila siku. Baada ya siku 10 fungua uhesabu. Zikiota 12 au zaidi, nunua zaidi za duka hilo hilo. Zikiota 4, zipeleke jikoni.

Ile punje unayoiona si mbegu moja. Ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani, kila moja upande wake. Ukiisia nzima itaota, lakini kwa kuchelewa. Igawanye: mimina punje juu ya ubao au kitambaa kigumu, kisha pitisha chupa juu yake kwa kuibingirisha, ukikandamiza kiasi. Utasikia zinalia. Lengo ni punje ipasuke vipande viwili vizima, isisagike. Ukiona unga, umekandamiza mno.

Baada ya hapo ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya kawaida. Asubuhi mwaga maji, zipepete kidogo kwenye kivuli zisigandane vidoleni, usie siku hiyo hiyo. Mbegu iliyolowekwa haiwekwi kesho.

Kwa beseni lenye upana wa kama nusu mita, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha. Najua kinaonekana kidogo. Ukiweka viwili, miche itasongamana, hewa haitapita, na kinyausi, ule ugonjwa wa kuangusha miche, kitaingia.

Nne: kusia

Lowanisha udongo kwanza. Chora mifereji midogo yenye kina cha sentimita moja, ukiacha kama sentimita 10 kati ya mfereji na mfereji. Kama unapanda ardhini, acha sentimita 20 mpaka 30 ili upate pa kupalilia. Tawanya mbegu ndani ya mifereji, funika kwa udongo laini, kandamiza kwa kiganja, nyunyiza maji kwa kopo lenye matundu madogo. Halafu tandaza nyasi kavu au kipande cha gunia juu, na uweke kitu cha kuzuia kuku. Kuku wakijua kuna udongo mpya uliochimbuliwa, hawatakuachia hata punje.

Ukipandia kitaluni ukidhani utahamisha miche baadaye, utapoteza muda. Ule mzizi mkuu ukikatika au ukipinda, mche hudumaa, na ukipona hukimbilia maua. Sia pale pale utakapovunia.

Kwa mbegu zilizogawanywa na kulowekwa, mimi huona vichwa vya kwanza kati ya siku ya 7 na ya 10. Usivunjike moyo kabla ya siku 14. Mara zinapotokeza ondoa nyasi au gunia, na liondoe jioni ili jua lisizishtue.

Jihadhari na jambo moja. Majani mawili ya kwanza hayafanani na kotmiri hata kidogo. Ni membamba, marefu, kama majani ya nyasi. Nimeshashuhudia beseni zima likipaliliwa na msaidizi mwenye nia njema aliyedhani ni magugu. Waambie wa nyumbani mapema. Majani yenye umbo la kotmiri, yale yenye ncha za mviringo, hufuata baadaye.

Miche ikifika urefu wa kidole, punguza iliyosongamana ili kila mmoja upate sentimita 3 mpaka 5 kuzunguka. Iliyong'olewa usiitupe. Ioshe, iweke juu ya supu.

Tano: maji

Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na ubichi, acha. Kwenye beseni wakati wa kaskazi hiyo huwa asubuhi na jioni. Wakati wa kipupwe mara moja hutosha, na siku nyingine haihitajiki kabisa. Mwagilia udongo, si majani, na ya jioni iwe mapema ili majani yasilale na maji.

Kiu ya mchana mmoja inatosha kuiharibu. Ukirudi jioni ukaikuta imelala, itasimama ukiimwagilia, lakini wiki ijayo utaona shina la katikati likianza kupanda juu. Anayesafiri mara kwa mara atumie chombo kikubwa zaidi na atandaze majani makavu juu ya udongo.

Maji yawe safi, kwa kuwa jani hili tunalila bichi. Mto kama Msimbazi wa Dar es Salaam unapokea maji taka ya jiji, na mboga za mabondeni humwagiliwa na kilichopo. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kupanda mwenyewe, inazidi hata ile ya kuokoa pesa.

Sita: wadudu na magonjwa

Vidukari ndio wanaosumbua zaidi. Hukaa chini ya majani machanga na kunyonya. Wapige kwa maji yenye nguvu kidogo asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakirudi, koroga sabuni kidogo ya kipande kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, na kesho yake suuza. Sumu za dukani usiguse. Dawa nyingi zina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna, na maisha ya kotmiri ni mafupi.

Kinyausi hukata mche chini kabisa, usawa wa udongo, asubuhi ukaukuta umelala na shina limekuwa kama uzi. Kinatokana na maji mengi na msongamano. Ng'oa walioanguka, punguza maji, acha hewa ipite. Ukiona unga mweupe juu ya majani makubwa, huo ni ubwiri unga. Vuna yaliyo safi na uondoe chombo hicho. Kwa mmea wa wiki saba, kuanza upya ni haraka kuliko kutibu.

Saba: kuvuna

Kati ya siku 30 na 45 tangu kusia, mmea ukiwa na urefu wa kiganja mpaka shubiri moja, anza. Kata mashina ya nje kwa mkasi, sentimita 2 au 3 juu ya udongo, uache moyo wa katikati. Usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mkupuo. Utavuna hivyo mara mbili, pengine tatu. Vuna asubuhi kabla jua halijakolea, jani likiwa limejaa maji.

Ishara ya kwisha ni jani lenyewe. Likianza kutoka jembamba, lililochanika kama manyoya, mfano wa jani la karoti, maua yako njiani na ladha inaanza kuwa kali na yenye uchungu. Hapo ng'oa yote unayoihitaji na mizizi yake, ukiacha miche minne au mitano kwa ajili ya mbegu. Jirani yangu, mzaliwa wa Mombasa, alipoona nakata maua nikitumaini majani yatarudi, aliniambia, "Dada, unaisumbua tu hiyo dania. Iache izae, wewe sia nyingine." Alikuwa sahihi.

Kuihifadhi

Iliyong'olewa na mizizi hukaa kuliko iliyokatwa. Kwenye friji, isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo kama maua, ifunike kwa mfuko bila kuukaza, badilisha maji kila siku mbili. Itakaa wiki nzima na zaidi. Osha ile tu unayotumia wakati huo, maana ikilala na maji majanini huoza. Bila friji, ifunge kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, uiweke karibu na mtungi. Siku mbili utazipata.

Usiianike. Kotmiri kavu haina kitu, harufu yote imeondoka. Iliyozidi ikatekate, ijaze kwenye kisahani cha barafu na maji kidogo, igandishe. Haitafaa kachumbari lakini mchuzi itaupendeza.

Jikoni

Harufu ya jani ni mafuta mepesi yanayoruka haraka kwenye moto. Ukilitia mwanzo wa mapishi na kulichemsha nusu saa, umebakiwa na rangi tu. Mashina ni magumu kidogo na yana ladha nyingi, kwa hiyo yakatekate yaende na vitunguu mwanzoni. Majani yatie moto ukishazimwa, funika sufuria dakika mbili, pakua. Fanya hivyo kwa maharage ya nazi, ndengu, mchuzi wa samaki, rosti la kuku, hata dagaa.

Kwenye kachumbari, osha vitunguu kwa chumvi, vikamue, changanya na nyanya, pilipili na ndimu, na kotmiri iwe ya mwisho kabisa, mezani.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni chatne. Kwa fungu moja kubwa, kama gramu 100 za majani na mashina laini, chukua pilipili mbichi mbili, punje mbili za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa pingili ya kidole, vijiko vinne vya nazi iliyokunwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Saga kwenye blenda na vijiko vitatu vya maji baridi sana, kwa vipindi vifupi vifupi, kwa sababu joto la blenda hulifanya jani kuwa jeusi. Ndimu ikamulie mwisho, karibu na kula. Ikikaa muda mrefu na ndimu, kijani kile kizuri hufifia. Nazi ikiwemo, imalize siku hiyo hiyo. Bila nazi itakaa siku tatu kwenye friji. Bajia, viazi vya karai, mishkaki, mihogo ya kukaanga, vyote vinaipokea.

Utakutana na mgeni anayesema kotmiri ina ladha ya sabuni. Msimlazimishe. Mwaka 2012 watafiti walihusisha jambo hilo na jeni moja ya kunusa, OR6A2, na kwa mtu wa namna hiyo ladha ni ya sabuni kweli. Iweke kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajitilie.

Mwisho: mbegu za mkupuo ujao

Ile miche uliyoiacha itatoa maua meupe yenye wekundu kidogo, na nyuki watafika. Watafika pia nzi wadogo wenye mistari wanaoelea hewani kama nyigu, nao watoto wao hula vidukari, kwa hiyo kaa nao vizuri. Punje zikiwa bado za kijani, tafuna moja: ladha yake iko katikati ya jani na kiungo kikavu, na haiuzwi dukani. Chache zitie kwenye achari ya ndimu.

Zilizobaki ziache mpaka ziwe za rangi ya hudhurungi, kama siku 90 mpaka 120 tangu kusia. Kata vichwa asubuhi kabla hazijapukutika, viingize kwenye mfuko wa karatasi vikielekea chini, vining'inize kivulini penye hewa wiki mbili. Pukuchua, peta, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jiko. Za kupikia zikaange bila mafuta mpaka zinukie, ndipo utwange. Za kupanda usizipitishe karibu na moto. Andika tarehe kwenye chupa, na kila baada ya wiki mbili toa kijiko kimoja cha chai, bingirisha chupa juu yake, loweka, usie.